Mota Iliyopimwa Birikani

Kibokoni, Mombasa
13 Machi 2024

Kwa Dama Kavumbi,

Ama baada ya salamu, nakutaka radhi kwa kimya changu. Barua yako ya tarehe nne Februari imelala mezani kwangu siku thelathini na nane. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Nilikuwa na hasira, nayo ni ya miaka minne: uliondoka katika karakana yangu siku ya Alhamisi, saa sita mchana, ukaacha mota ya watu wazi juu ya meza, ukaenda kufanya kazi kwa watengeneza maboti bila kuaga. Lakini Ramadhani imeingia jana, nami sipendi kufunga huku barua ya mtu ikiningoja.

Umefanya vyema kutopiga simu. Swali la kazi huandikwa, hutiwa tarehe na sahihi, na jibu lake vivyo hivyo. Naona hilo hukulisahau.

Nimekuelewa hivi. Mumeo Kingi huzama gatini Mbaraki kukagua matumbo ya meli kabla hazijaondoka. Daktari amemwambia kwamba akiendelea kuzama atapoteza kusikia. Wewe umeunda chombo cha kubeba kamera chini ya meli, ili yeye akae gatini akitazama picha. Kinachokosekana ni mota ndogo ya kukisukuma, na umenitajia tatu nichague.

Ya kwanza, ya waipa za gari, iondoe. Ni nzito na huzunguka polepole. Propela itakuwa kama mwiko ndani ya uji. Ya pili, ile isiyo na kaboni za kusugua ndani, uliyoitoa kwenye kamera ya kuruka angani, unasema huzunguka ndani ya maji bila kufunikwa. Hilo sitalijadili. Nimefunga waya za mota miaka arobaini na mitatu, na sijapata kuona umeme uliokubali kuoga. Ya tatu, ya volti kumi na mbili yenye kaboni, ndiyo. Ifungie ndani ya kopo lisiloingiza maji, itokeze shafti peke yake.

Shukri Abdurahman


Mbaraki
17 Machi 2024

Shikamoo, Fundi,

Nashukuru kwa jibu. Siku ile ya Alhamisi niliondoka kwa sababu ulisema mbele ya wateja kwamba ninakaza waya kama ninayesuka nywele. Wao walicheka. Huenda umesahau. Nimekuandikia hata hivyo, kwa sababu hakuna mwingine anayejua mota kama wewe, na kwa sababu Kingi ni mume wangu.

Naomba uifikirie tena ile ya pili. Niliitoa kwenye kamera ya Griffins, yule anayepiga picha za harusi. Ilianguka juu ya paa ikavunjika mbawa. Niliitia katika beseni la maji ya bahari ikazunguka saa tatu bila kusita. Waya zake hazizunguki, tena zimepakwa vanishi. Kinachozunguka ni sumaku. Hakuna kaboni inayosugua, hakuna kopo la kuziba. Kinachoharibika ni beringi, na hizo huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni.

Kingi anakusalimu. Jambo hili kwake ni mzaha. "Unanitafutia mke mwenza wa plastiki," ananiambia, "na yeye ndiye atakayekwenda kazini." Jirani yetu Nekesa akamjibu, "Afadhali huyo, hatakula."

Lakini kwangu mimi si mzaha. Jared, msimamizi wa wazamiaji, amenipa mpaka tarehe ishirini Aprili nikionyeshe chombo kikifanya kazi. Kikifaulu, Kingi atakiendesha kutoka gatini na hatazama tena. Kisipofaulu, atazama mpaka masikio yaishe. Na Jared ameweka sharti. "Dada, mimi sikujui," aliniambia. "Niletee karatasi ya fundi ninayemjua." Anakujua wewe.

Naomba uje uione mota ya pili kwa macho yako, kisha utie sahihi.

Dama


Kibokoni
24 Machi 2024

Kwa Dama,

Sitii sahihi yangu kwenye kazi ya beseni.

Nitakuandikia karatasi ya Jared kwa masharti haya. Mota itakuwa ya tatu. Kopo nitalifunga mimi mwenyewe, hapa kwangu. Shafti nitaizibia kwa njia ya marehemu baba yangu, aliyekuwa akikalafati maboti, yaani kuziba nyufa zake, bandari ya zamani. Tundu la shafti ya propela alilijaza pamba iliyolowa shahamu, akaikaza kwa kikombe cha shaba, na maboti hayo yalifika Kismayu na kurudi. Kama njia hiyo ilitosha kwa boti, itatosha kwa kopo la maziwa.

Nicanor, karani wa bandarini, amepanga chumba cha chini katika nyumba yangu na hupita Mbaraki kila siku. Mpe mota na kopo kesho Jumatatu. Ile isiyo na kaboni baki nayo.

Kuhusu nywele, sikumbuki kusema hivyo. Kama nilisema, nilisema.

Shukri Abdurahman


Mbaraki
30 Machi 2024

Shikamoo, Fundi,

Nimekubali. Sina njia nyingine na wewe unajua.

Juzi Kingi alipanda kutoka majini, nikaona anajifuta shingo kwa mkono wa shati. Nikamwambia, "Hiyo ni damu." Akasema ni kutu ya meli. Kutu haitoki sikioni. Usiku huweka redio upande wa kushoto wa kitanda, na zamani alikuwa akiiweka kulia. Anadhani sijaona.

Naomba jambo moja tu. Ukiisha kuipima kwenye lile birika lako kubwa la maji uani, usiishie kuona kwamba inazunguka. Ifungue, utazame ndani kama maji yameingia, uniandikie ulichokiona. Chini ya mkuku, uti wa chini wa meli, ni mita saba, na maji ya huko husukuma kuliko ya birika.

Dama


Kibokoni
15 Aprili 2024

Kwa Dama,

Nicanor anakuletea mota iliyofungwa, pamoja na karatasi ya Jared yenye sahihi yangu.

Niliizamisha birikani siku ya Jumamosi kwa saa mbili, ikizunguka muda wote. Baadaye niliifungua kama ulivyotaka. Ni kavu.

Usiilegeze parafujo yoyote. Nimeziwekea alama ya rangi nyekundu, nitajua zikiguswa.

Shukri Abdurahman


Mbaraki
28 Aprili 2024

Shikamoo, Fundi,

Nilitaka kukuandikia tangu Jumapili iliyopita lakini nilikuwa hospitali.

Jumamosi, tarehe ishirini, chombo kilishuka saa tatu asubuhi. Kilitembea vizuri kwa dakika kumi na tisa. Tuliona propela ya meli, tukaona makombe yaliyoganda, na Jared akasema, "Haya, haya." Kisha mota ikanyamaza. Chombo kikabaki kimenasa karibu na usukani wa meli, waya umejifunga. Meli ilikuwa iondoke saa sita. Jared akatazama saa yake, akawatazama wazamiaji wengine. Hakuna aliyesogea, maana ilikuwa aibu yangu, si yao. Kingi akavua shati.

Nilimshika mkono. Akasema, "Acha, Dama, ni dakika tano."

Alikitoa. Alipopanda alikuwa akitabasamu, na damu ilikuwa imefika kifuani. Sikio la kulia limekwenda. Daktari amesema halitarudi. La kushoto litabaki iwapo hatazama tena hata mara moja.

Nilipoifungua mota nyumbani ilikuwa imejaa maji mpaka juu. Rangi yako nyekundu imekwanguka kwenye parafujo mbili. Labda ni mawe ya gati, sijui. Usiku wa kuamkia siku ile mota ililala kwetu, na wiki hiyo Kingi alikuwa amenitamkia kwa hasira kwamba hataki kufanywa mlinzi wa waya.

Wewe uliipima ukaikuta kavu. Basi naomba unijibu hili tu, na nitakuamini. Inaweza kujaa maji vile bila mtu kuifungua?

Dama


Kibokoni
2 Mei 2024

Kwa Dama,

Nasikitika kwa lililomfika mumeo. Mungu amponye.

Haiwezi. Ilitoka kwangu ikiwa kavu. Utazame mikono iliyoigusa baada ya yangu.

Shukri Abdurahman


Mbaraki
22 Mei 2024

Shikamoo, Fundi,

Nakushukuru kwa kusema wazi. Nakurudishia mota yako, Nicanor anayo. Sitaki kuiona ndani ya nyumba.

Jared alikuwa amekwisha kusema kwamba chombo hakifai na nisikilete tena. Basi nilimwonyesha barua yako, ajue kwamba kosa halikuwa la chombo. Aliisoma mara mbili. Siku ya pili gati nzima ilijua. Wazamiaji wenzake sasa wanasema Kingi alijitobolea riziki, wengine wanamsifu kwa kukwamisha chombo ambacho kingewaondolea kazi, na sijui kipi kilimuuma zaidi. Jared amemkataza kukanyaga gatini.

Mimi nilimwuliza tukiwa mezani. Nikasema, "Fundi Shukri anasema haiwezi kujaa bila mkono wa mtu."

Akanigeuzia sikio la kushoto. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Mkono wangu?"

"Mota ililala humu ndani."

"Hata wewe ulilala humu ndani."

"Ulisema hutaki kuwa mlinzi wa waya."

"Nilisema. Mwaka jana nilisema wali wako una mawe, na niliula wote." Alingoja nicheke. Sikucheka. Akasema, "Nilikwenda chini nikakitoa kitu chako, Dama. Ningetaka kife, si ningekiacha huko huko?"

Nilikuwa na barua yako kando ya sahani.

Alikunja mashati yake vizuri, akaenda kwa mama yake Rabai. Mlango aliufunga polepole. Amekwenda wiki mbili sasa na simu haipokei, labda haisikii.

Dama


Kibokoni
9 Julai 2024

Kwa Dama,

Barua hii nimeianza mara nne tangu Mei. Zile tatu zilikuwa na maelezo mengi ya mambo ya ufundi, nikazichana.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Aprili niliizamisha mota birikani saa mbili. Hilo ni kweli. Nilipoifungua nilikuta maji kiasi cha kijiko cha chai. Niliyapangusa kwa kitambaa, nikaikaza pamba, nikaifunga, nikakuandikia kwamba ni kavu. Wakati nilipokuwa nikiandika ilikuwa kavu kweli, kwa kuwa nilikuwa nimeipangusa. Nilijifariji kwa hoja hiyo wiki nzima.

Nilijua pia maji yalikotoka. Njia ya baba yangu haikuwa ya kuzuia maji yote. Kila boti alilolifunga liliingiza matone kwenye shafti, nayo yalikusanyika chini, na kila asubuhi mtu aliyateka na kuyamwaga. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuyateka nilipokuwa mdogo. Ndani ya kopo lako hapakuwa na mtu wa kuteka. Nililiona hilo nikiwa nimekishika kitambaa mkononi, na bado niliifunga. Kuanza upya kulikuwa na maana ya kukuandikia kwamba mota uliyoitaka wewe ndiyo iliyofaa, nami nilikuwa nimekwisha kuikataa kwa maandishi.

Uliponiuliza kama inaweza kujaa bila mkono wa mtu, nilijua jibu kabla sijafika mwisho wa swali. Nikaandika "haiwezi". Jina la Kingi sikulitaja, na nikajihesabia hilo kuwa uungwana. Ile rangi nyekundu haina maana yoyote. Kucha ingeweza kuikwangua.

Mwezi uliopita nilikwenda Makupa nikanunua mota isiyo na kaboni. Nilimwambia muuzaji kuwa ni ya mtu mwingine. Niliitumbukiza birikani, katika maji niliyoyatia chumvi, bila kopo. Mjukuu wangu Mahira huipitia kila asubuhi akiniletea chai. "Babu, bado haijafa," huniambia. Leo ni siku ya kumi na moja. Ulikuwa umesema kweli katika kila neno, hata kuhusu beringi.

Jana nilikwenda gatini kwa miguu yangu, nikampa Jared barua iliyo na maneno haya haya juu ya kijiko na juu ya jibu langu la Mei. Nilimtaka aisome mbele ya wazamiaji. Alisoma. Mmoja wao, Kioko, akasema, "Mzee, umechelewa." Nakala nimeiambatisha.

Ninaomba ruhusa ya kwenda Rabai kumwambia Kingi mwenyewe, ana kwa ana. Sitakwenda bila idhini yako na yake. Na sikuombi unisamehe katika barua.

Shukri Abdurahman


Mbaraki
24 Julai 2024

Fundi Shukri,

Utaona sikuanza kwa shikamoo. Nilijaribu, kalamu ikakataa.

Jared aliniita siku moja baada ya wewe kumpelekea barua. Yuko tayari kukipokea chombo, na mota isiyo na kaboni, bila karatasi ya mtu. Tumekijaribu mara tatu chini ya meli tatu na hakikusimama. Anataka Kingi akiendeshe, kwa sababu hakuna mwingine awezaye kutazama picha ile yenye tope akajua anachokiona. Yote niliyokuandikia kuyaomba mwezi wa Februari sasa yapo. Wewe huna tena cha kuyapunguzia wala cha kuyaongezea.

Jumapili nilikwenda Rabai. Mama mkwe alinipa kigoda akaenda zake shambani bila kuniuliza habari za njiani. Kingi alikuwa akichambua mchicha. Nilimpa nakala yako. Aliisoma taratibu, akairudisha mkononi mwangu, akaendelea na mchicha.

Nikasema, "Umeona mwenyewe. Si wewe."

"Mimi nilikuwa najua si mimi."

"Fundi anataka kuja kukuomba radhi."

"Huyo mzee namwelewa," akasema. "Aliogopa kuonekana hajui. Hata mimi nimewahi kusema nimekagua upande wa meli ambao sikuufika. Lakini wewe, Dama. Ilikuja karatasi ya kwanza, ukaiamini. Imekuja ya pili, umeiamini, ndiyo sababu uko hapa. Mimi sikuandika karatasi. Mimi nilikwambia tu kwa mdomo, tena katika nyumba yetu."

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba siku zile nilikuwa nimetoka kumwuguza hospitali, kwamba uliandika kwa yakini. Nilisema mengi. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kulia, na sijui yapi aliyasikia. Sikuwa na ujasiri wa kuhama upande na kuyarudia.

Nimekulaumu njia nzima ya kurudi, na nitaendelea kukulaumu, maana unastahili. Neno lile ulilisema wewe. Lakini wewe ulilisema kwangu peke yangu, ndani ya bahasha. Aliyelipeleka gatini na kuliweka mezani kando ya sahani yake ni mimi, na hilo hukunituma.

Usiende Rabai. Hajakataa wala hajakubali. Jared amemwekea nafasi mpaka mwisho wa Agosti, na nilipomtajia hilo Kingi alisema atafikiri. Nilipomwuliza kama atarudi nyumbani alisema hilo pia atalifikiri, kwa sauti ile ile. Sitamsukuma. Safari hii nitangoja aseme mwenyewe, na atakalolisema nitalichukua kama lilivyo.

Akiamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, iwe ni juu ya kazi, au juu yako, au juu yangu.

Dama Kavumbi